Kalenda ya Mama Aaltje

Viti kumi na tatu vilikwisha kupangwa duara sebuleni, na Hilje alianza kushoto kama ilivyo ada. Mkono, busu tatu za mashavuni, hongera. Mkono, busu tatu, hongera. Mwenye kutimiza miaka alikuwa Mama Aaltje peke yake, lakini siku kama hiyo hapongezwi yeye tu. Mtoto hupongezwa kwa mama yake, jirani kwa jirani yake, na ole wako umruke mmoja, maana atakuwekea kinyongo mpaka mwakani.

"Hongera kwa mama, Annechien."

"Na wewe hongera kwa mama mkwe," alijibu Annechien, akilivuta hilo neno la mwisho taratibu mpaka likanyooka. Annechien ndiye dada yake Reinder, na kwa miaka minne alikuwa akimwita Hilje wifi mbele ya watu huku akijua fika kwamba harusi haijaonekana hata kwa darubini.

Mama Aaltje alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mpira mwembamba wa hewa puani, mtungi wake chini kando ya miguu. Ametimiza sabini na moja. Daktari alisema majira ya baridi huenda akayaona, lakini yakiisha yasitegemewe mengine. Kila mtu kwenye duara lile alilijua hilo, na ndiyo maana kila mtu alikuwa akizungumzia viazi na mvua kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Hongera, mama," Hilje aliinama.

"Umekonda," alisema Mama Aaltje. "Kaa. Keki ni kipande kimoja kimoja, nisisikie mtu ananung'unika."

Hilje alikaa, mkoba wake mapajani, akaukumbatia. Ndani ya mkoba mlikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Vancouver. Mwezi Mei alitia sahihi mkataba na kampuni ya huko inayounda programu za kusoma picha za eksrei za mapafu. Angeongoza kundi la watu tisa, mshahara karibu mara mbili ya ule wa hapa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, kazi aliyoiota tangu akiwa msichana anayelala na kompyuta kitandani. Ni Agosti sasa. Reinder, mwanamume anayempenda kuliko mtu yeyote aliye hai, alikuwa hajaambiwa.

Leo tukirudi, alijiambia. Nikimpeleka kituoni, kwenye gari, nitamwambia. Alijiambia hivyo hivyo mwezi Juni. Julai alijiambia mara tano.

Mlango wa jikoni ulifunguka na Reinder akaingia na sinia la kahawa. Mtu mrefu, mwenye haya, anayeinamisha kichwa milangoni hata pale pasipo na haja. Kazi yake ni kutengeneza vinanda vikubwa vya makanisa, vile vya mabomba mia kadhaa, na vidole vyake havikukosa alama za madini ya risasi na gundi. Alizunguka duara akigawa vikombe bila neno. Alipomfikia Hilje, aliuacha mkono wake chini ya kisahani kwa kitambo kidogo baada ya Hilje kukipokea, vidole vikigusana, na macho yake yakatulia juu ya uso wake.

"Umelala?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo."

"Mimi pia."

Alipita. Hilje alimfuata kwa macho, mabega yale, shingo ile iliyochomwa na jua. Mtu unamtamani akiwa hatua tatu kutoka kwako, naye bado ni wako. Sijui hilo unaliitaje.

Ndipo alipofika Shangazi Trientje. Shangazi Trientje haingii nyumbani, huvamia. Koti hajalivua, kofia kichwani, tayari ameshambusu mtu wa kwanza na sauti imeshafika jikoni. "Hongera kwa wifi yangu! Hongera kwa mama, Annechien! Hongera kwa jirani! Hongera..." akamfikia Reinder, akamshika mashavu yote mawili kama bado ana miaka saba. "Hongera kwa mama, mwanangu! Na wewe leo hongera mbili, umebahatika! Hongera kwa Hilje na kazi yake ya Kanada!"

Vijiko vilisimama.

"Mama yake kaniambia sokoni, kwenye samaki," aliendelea Shangazi Trientje, akiwageukia wengine ili wafaidi. "Roelfien yule, mnamjua, alikuwa hashikiki. Bosi wa watu tisa! Mashine inasoma mapafu! Nikasema, lo, na Reinder wetu je? Lakini hongera ni hongera."

Hilje alimtazama Reinder. Alitegemea sinia lianguke, alitegemea swali, alitegemea uso wake ubomoke mbele ya watu kumi na wawili. Hakuna kilichoanguka. Reinder alipokea busu zake tatu, akasema, "Asante, shangazi."

Halafu akamtazama Hilje. Hakuwa na hasira. Alisubiri. Hata mtungi wa hewa ulisikika, na yeye alisimama katikati na sinia tupu akimsubiri Hilje afungue kinywa.

"Bado si hakika," Hilje alisikia sauti yake ikisema. "Bado tunazungumza nao tu, shangazi. Mama yangu naye anapenda kukuza mambo."

Reinder aliteremsha macho kwenye sinia.

"Keki, shangazi?" alisema. "Kuna ya tofaa."

Mazungumzo yakarudi kwenye viazi. Mtu akasema mwaka huu vimeoza vingi. Mwingine akasema bora vya kwake. Hilje alikata keki yake vipande vidogo vidogo asivyoweza kumeza. Kwa nini hakushtuka? Mtu anaambiwa mbele ya ukoo wake kwamba mpenzi wake anahamia upande wa pili wa dunia, anasema asante na kuuliza habari za keki. Labda hakusikia vizuri. Labda ni ile haya yake. Hilje aliweka kisahani chini, akasema bila kumlenga mtu kwamba anakwenda chooni, akatoka na mkoba wake.

Choo cha Mama Aaltje ni chembamba, ukikaa magoti yanakaribia mlango, na mbele ya macho yako, pale usipoweza kuikwepa, inaning'inia kalenda ya siku za kuzaliwa. Haina mwaka wala majina ya siku. Ina miezi na tarehe tu, na hutumika mwaka hadi mwaka mpaka karatasi ichakae. Hii ya Mama Aaltje ilikuwa na umri mkubwa kuliko Annechien. Waliokufa waliwekewa kimsalaba pembeni, hawakufutwa. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye msumari, pamoja na penseli. Penseli ilikuwa ya wachumba wa vijana, watu ambao haijajulikana watakaa au watapita. Wino ulikuwa wa watu wa nyumbani.

Jina la Hilje halikuwamo, kwa wino wala kwa penseli. Miaka minne. Kila alipofika alifunua hadi Novemba, akatafuta tarehe tisa, akakuta nafasi nyeupe. Alikuwa amejizoesha kucheka. Leo alifunua tena kwa mazoea tu, mara ya kwanza tangu Mei, akitafuta kitu cha kufanya mpaka moyo utulie. Septemba. Oktoba.

Kwenye tarehe mosi Oktoba palikuwa na maandishi. Mkono wa Mama Aaltje, herufi zimepinda kwa kutetemeka, wino wa buluu: *Reinder na Hilje, Vancouver.*

Aliyasoma mara tatu. Akafunua Novemba kwa kidole kimoja, kwa woga, kama mtu anayefunua kidonda. Tarehe tisa. *Hilje.* Kwa wino.

Alikaa juu ya kifuniko cha choo na kuziba mdomo wake kwa kiganja.

*

Reinder alikuwa jikoni peke yake, akikata soseji kavu juu ya ubao. Hilje aliingia na kusimama nyuma ya mlango.

"Ulijua."

"Funga mlango," alisema Reinder bila kugeuka. "Wanasikia."

Aliufunga. Ukutani upande wa pili walikuwa wageni wote na kahawa zao, kwa hiyo ugomvi wao wote ulikwenda kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona hauna pa kupumulia.

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na sita Mei."

"Nani alikuambia? Mama yangu?"

"Printa." Aliweka kisu chini. "Ulikuja karakana jioni ile, ukasema unachapa karatasi za kodi. Karatasi zikakwisha ndani ya mashine. Wewe ukaondoka na ulizopata. Asubuhi nikatia karatasi nyingine, nichape michoro yangu, ikatoa ukurasa mmoja kwanza. Wa sita. Jina lako, mahali pa sahihi, tarehe mosi Oktoba, Vancouver." Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo. "Bosi wa watu tisa wa kompyuta, na amesahau kwamba printa hukumbuka."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakaegemeana. Hilje alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Mimi ndiye wa kusema?"

"Reinder..."

"Nilisubiri. Wiki ya kwanza nikasema, anatafuta maneno, yeye ni mtu wa kupanga, ataniwekea hata orodha. Wiki ya pili nikasema, ana kazi nyingi. Unakumbuka ile Jumapili tuliyotembea juu ya tuta la kuzuia maji? Ukanishika mkono ukasema, 'Reinder, kuna jambo.' Moyo wangu ulisimama. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, Hilje. Ukasema unataka kununua baiskeli nyingine."

Alikumbuka. Alikumbuka pia jinsi Reinder alivyonyamaza njia nzima ya kurudi, naye akadhani ni uchovu.

"Jibu gani?"

"Ndiyo." Alifuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Juni nilikwenda kwa mama. Nikamwambia, akiniomba niende naye, nitakwenda. Mama alilia siku moja. Siku ya pili akasema nenda. Annechien alininunia wiki mbili nzima, akaniambia ninamtupia maiti aiangalie peke yake. Hayo nimeyabeba. Nikamwandikia fundi mmoja huko Vancouver, makanisa yao yana vinanda vya zamani vya kutoka kwetu na hawana watu wa kuvitunza. Akanijibu kwamba nije hata kesho." Aliinua macho. "Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni wewe kuniomba."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Hilje na hakuyafuta. Alivuka jiko kwa hatua mbili, akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye gundi.

"Basi twende. Nakuomba sasa. Twende wote, Reinder, tafadhali. Nakuomba."

Hakuitoa mikono yake. Alimtazama kwa muda mrefu, na Hilje aliona kitu usoni mwake kinataka kukubali, kilikuwa karibu kabisa, kama kile kitambo kabla ya mtu kutabasamu.

"Umekata tiketi?" aliuliza.

"Nimekata."

"Lini?"

"Ni ya tarehe ishirini na sita Septemba."

"Siulizi siku ya safari. Uliikata lini?"

"Julai."

"Ngapi?"

Mashine ya kahawa ilidondosha tone moja, na jingine. Sebuleni Shangazi Trientje alicheka.

"Ngapi, Hilje?"

"Moja."

Reinder alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na fundi mwenzake juu ya kipimo. "Moja," alisema. Ndipo alipoitoa mikono yake.

"Niliogopa!" Kunong'ona kulimshinda, sauti ikampanda, akaishusha kwa nguvu. "Mama yako anakufa. Ningekuombaje umwache? Ungekubali, najua ungekubali, halafu angekufa wewe uko huko, ungekaa nami mezani kila siku na usiseme, na mimi ningejua."

"Hilo lilikuwa langu la kuamua."

"Na kama ungekataa? Mama yangu alimwambia baba kuhusu kazi ya mjini Utrecht kabla hajaijibu. Baba akanuna siku tatu tu, Reinder, hakusema neno. Mama akaiacha, akakaa nyuma ya dirisha la posta miaka thelathini. Ananiambia tangu nikiwa mdogo, tia sahihi kwanza ndipo umwambie mwanamume."

"Mimi si baba yako."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungekata mbili, hata kama moja ingepotea bure."

Hilje alichopoa simu kutoka mkobani. "Nakata nyingine sasa hivi. Hapa hapa. Nafasi zipo, niliangalia jana..."

"Usikate."

"Reinder, dakika mbili tu."

"Usikate, nimesema." Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Ungeniomba Mei, ningekwenda. Ungeniomba jana, ningekwenda. Hata pale, shangazi alipolitoa hadharani, nilikutazama nikasema moyoni, sasa. Sasa ndiyo. Ungesema tu, ni kweli, na ninataka aje nami. Ningelia mbele ya majirani kama mpumbavu, na ningekwenda. Ukasema bado si hakika. Una tiketi mapajani, unasema bado si hakika."

"Nakupenda."

"Najua unanipenda." Alichukua kisu tena, akakitazama, akakiweka. "Miezi mitatu nimekutetea. Mama akiuliza, kakuambia? Namwambia, bado, lakini ataniambia. Annechien akicheka, namwambia, humjui Hilje. Nimechoka kukutetea. Nenda kafanye kazi yako. Ni kazi nzuri, ninasema kweli. Lakini umejipangia maisha ukakata kiti kimoja, na mimi sitaki kuwa mtu wa kubanwa pembeni baada ya siri kujulikana."

Mlango ulifunguka. Annechien aliingiza kichwa, mdomo tayari umekaa mkao wa kejeli.

"Watu wanaulizia kahawa ya pili, wapenzi. Na mama anamtaka..." Aliona nyuso zao. Mdomo ukalegea. "Mama anamtaka Hilje," alisema kwa upole. "Wewe nipe soseji, Reinder, nitazipeleka mimi."

Hakutania. Hilje aliuogopa upole huo kuliko kejeli zote za miaka minne.

*

"Nisaidie niende msalani," alisema Mama Aaltje mbele ya watu, naye Hilje akamwinua, akamshikia kigari chake cha kutembelea, akabeba mtungi. Hatua tisa kutoka kwenye kiti hadi ukumbini, na kila mbili walipumzika. Mama Aaltje alikaa juu ya kifuniko bila kukifunua. Mlango haukuweza kufungwa na wote wawili ndani, kwa hiyo Hilje alisimama nusu ndani nusu nje, mgongo kwenye fremu, mtungi mkononi.

"Umeiona kalenda," alisema mama.

"Nimeiona."

"Ulikaa humu sana kwa mtu mwenye haja ndogo." Alivuta pumzi, akaipata nusu. "Anakwenda?"

"Haendi, mama."

Hilje alitegemea kuona nafuu katika macho yale ya kijivu. Mwanawe anabaki, mama gani anayekufa asiyelitaka hilo? Mama Aaltje alifumba macho tu.

"Umekata ngapi?" aliuliza.

Hilje alishusha macho kwenye mtungi, na hilo likawa jibu.

"Miaka minne sikukuandika humu," alisema mama. "Nilisema, huyu ana macho ya kuondoka, atamwachia mwanangu kidonda. Nilipopata habari kwamba unaondoka kweli, na yeye yuko nyuma yako, nikasema haya, basi, ni wetu. Nikachukua wino."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Sijamaliza, na pumzi yangu ni ya kukopa." Alipumzika. "Unajua kwa nini nilimwambia aende? Watu wanadhani ni wema. Baba yake alikufa na ugonjwa huu huu. Reinder alikuwa na miaka kumi na tisa, akakaa naye mpaka mwisho, usiku na mchana, akamwona anavyotafuta hewa asiipate. Mwaka mzima baada ya hapo hakuongea. Aliingia kwenye vinanda kwa sababu vina mapafu yasiyokufa, aliniambia hivyo mwenyewe. Sikutaka aione mara ya pili. Nilitaka awe mbali, na wewe, apigiwe simu." Alimtazama Hilje, hana chuki, amechoka tu. "Nilikuwa nimekwisha kumuaga moyoni. Hiyo kazi ni ngumu, binti yangu. Niliimaliza. Sasa inabidi nianze upya, na yeye atakaa hapo kitandani kwangu aone kila kitu."

Hilje aliteleza chini kwenye fremu mpaka akachuchumaa sakafuni, mtungi kifuani, akalia bila sauti, kwa sababu ya watu. Mama Aaltje aliweka mkono juu ya kichwa chake, mwepesi, na kuuacha hapo.

"Nitabaki," alisema Hilje. "Nitawaandikia, nitavunja mkataba. Nitabaki naye."

"Mwambie hivyo, uone. Atakufukuza mwenyewe." Mama alikohoa, kikohozi kirefu kilichokunja mwili wote, na Hilje akamshika mabega mpaka kikapita. "Hawezi kukuweka hapa kwa huruma. Ana kiburi cha baba yake. Simama. Shika kalamu."

"Kalamu ya nini?"

"Oktoba. Mimi mkono wangu hautulii, nitachafua na nyingine."

Hilje alifunua Septemba, akafunua Oktoba. Kalamu ilivuta uzi wake kutoka msumarini.

"Nikate nini?"

"Jina la mwanangu."

Alisimama na kalamu juu ya karatasi. Alifikiri juu ya mambo mengi ambayo angeweza kusema, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli kuliko tiketi ile. Alikata mstari mmoja juu ya *Reinder na*. Wino ule ule wa buluu. Herufi za mama zilionekana bado chini ya mstari, zikisomeka kabisa.

"Na hili la Novemba?" aliuliza, sauti imekauka.

"Liache. Hiyo ndiyo siku uliyozaliwa, ukiwa hapa, ukiwa huko." Mama Aaltje aliegemeza kichwa ukutani. "Haina mwaka, kalenda hii. Kila Oktoba watakuja humu wauone mstari huo. Ninasikitika, lakini karatasi hizi hazichanwi."

Nje kengele ya mlango ililia. Hilje alimwita Annechien aje amshike mama, akampa mtungi, na wifi yake akaupokea kwa mikono miwili bila kumtazama. Ukumbini koti lake lilining'inia chini ya koti la Reinder. Alilichomoa taratibu ili lile jingine lisianguke. Kupitia mlango wa sebule uliokuwa wazi nusu alimwona Reinder akizunguka duara na buli la kahawa, akiinama, akimimina, akisema karibu, karibu. Alifika kwenye kiti kitupu cha Hilje, ambako kikombe chake kilikuwa sakafuni. Alisita. Akakijaza.

Mlango wa nje ulisukumwa. Alikuwa Mzee Harm wa nyumba ya pili, aliyechelewa kwa sababu ya ng'ombe, mvua mabegani na chupa ya pombe tamu ya mayai mkononi kwa ajili ya akina mama.

"Aa, Hilje! Unaondoka mapema?" Hakungoja jibu. Alimshika mabega na kumbusu, shavu hili, shavu lile, shavu hili tena, ndevu zake zina baridi. "Hongera kwa mama mkwe wako, binti yangu. Uwe naye miaka mingi."

Hilje alifunga kifungo cha juu cha koti.

"Asante," alisema. "Na wewe hongera kwa jirani yako."